Gari la Nne

Shangazi yangu hakuhamia kwenye kona. Hilo atakwambia kabla hujamaliza kumsalimia. Alikuwa amekaa zake kwenye nyumba ya mabati aliyojengewa na marehemu mumewe, mbele ana shamba la maharage, nyuma ana kaburi la huyo marehemu na mistari minane ya alizeti, ndipo barabara kuu ikaja. Ilishuka kutoka kilimani bila kupinda, ikafika mbele ya maharage yake, ikakumbuka kwamba inatakiwa kwenda kwingine, ikakata kushoto ghafla. Walioichora sijui walikuwa wanakunywa nini siku hiyo.

"Barabara ndiyo iliyonikuta mimi," Shangazi husema. "Kama kuna wa kuhama, ihame yenyewe."

Kazi yake ni kushona magunia. Msimu wa mavuno wakulima humwita aje na shazia yake, ile sindano kubwa iliyopinda ncha, afunge midomo ya magunia kabla malori hayajaja kupakia. Gunia aliloshona yeye halimwagi hata likitupwa chini kutoka juu ya lori. Nasema kwa ushahidi, maana nimeyatupa mengi. Shazia yenyewe huichomeka kwenye kilemba, juu ya sikio la kulia, na ndiyo maana madereva wote wa njia ile wanamwita Mama Shazia. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, ni dereva wa lori, na niseme mapema ili baadaye usishangae: usukani nauweza, mdomo siuwezi.

Gari la kwanza kuingia shambani kwake lilikuwa la vitunguu. Breki zilichoka mtelemkoni, dereva akashindwa kukata kona, akapita katikati ya maharage na kulala ubavu. Alitoka na mkwaruzo puani tu. Misimu miwili baadaye Shangazi alikuwa bado anang'oa vitunguu ambavyo hakuvipanda. Gari la pili lilikuwa la magodoro. Dereva alirushwa nje akaangukia mzigo wake mwenyewe. Watu walimkuta kalala chali, wakaanza kumlilia, kumbe mwenzao anafikiria tu atamwambia nini tajiri.

La tatu lilikuwa la saruji, na hilo halikuwa na mchezo. Liling'oa jiko lote la nje, mafiga na masufuria, dakika ileile Shangazi alipokuwa ameingia chumbani kufuata chumvi. Dereva alivunjika mkono. Mvua ikanyesha kabla mifuko iliyopasuka haijazolewa, na kulipokucha palikuwa na kilima cha saruji kando ya barabara, kigumu, hakisogezeki hata kwa nyundo. Shangazi alikikalia kukijaribu, akaona kimo chake kinamfaa, na tangu siku hiyo ndipo anaposhonea magunia.

Kila gari lilipoanguka, wa kwanza kufika alikuwa yeye. Anamtoa dereva, anamkalisha kivulini, anampa maji ya sukari. Halafu anachomoa shazia na kusimama mbele ya mzigo. Watu wanakuja mbio na vikapu, unajua tena mambo ya lori lililoanguka, na yeye anawapokea vizuri kabisa. "Karibuni. Kila aliyekuja na kikapu azoe, na kila aliyezoa ashike mdomo wa gunia nishone." Waliokuja kuiba walijikuta wamefanya kibarua mpaka jioni, na wakaagwa kwa heshima.

Baba alikuja baada ya lile la saruji. Baba yangu ni mwoga, ila mwenyewe anauita woga wake busara. Alisimama penye majivu ya jiko, akatazama mafiga yalivyotawanyika.

"Dada, umeokolewa na chumvi," alisema. "Chumvi. Safari ijayo utakuwa umeshatia chumvi."

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe walipeana mikono: gari la nne likiingia shambani, Shangazi atahama, atakwenda kuishi mjini kwa Baba, kwenye chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Baba alifurahi. Shangazi hakufurahi, lakini alikuwa ameshatoa mkono, na neno la Shangazi ni kama mshono wake. Hilo ndilo lililotutia hofu sisi tunaompenda. Mtu mwingine angesema ndiyo, halafu ajifanye amesahau. Yeye angehama kweli, na angekufa kwa uchungu huku anatazama ukuta.

Sasa nikueleze kuhusu matawi. Lori likikwama barabarani, dereva hukata matawi mabichi na kuyapanga juu ya lami, hatua nyingi kabla ya lori lake. Zipo pembetatu nyekundu za kuweka, lakini pembetatu huibwa, na tawi haliibwi na mtu. Kila dereva ukimwonyesha tawi bichi juu ya lami anajua maana yake: mwenzio amekwama mbele, shusha gia.

Wiki chache baada ya kupeana mikono, Shangazi alikuwa anapunguza ua wake wa mibono. Matawi aliyarundika ukingoni, mengine yakaangukia lami, naye akaingia ndani kula. Tonge la tatu likiwa mkononi akasikia kitu ambacho kwenye kona ile hakijawahi kusikika. Malori yalikuwa yanashusha gia. La kwanza, la pili, la tano, yote yanatambaa, yanakata kona kwa adabu kama watoto wanaopita mbele ya mwalimu, madereva wamechungulia madirishani wakitafuta lori lililokwama. Hawalioni. Wanaendelea na safari, wamechanganyikiwa lakini wazima.

Shangazi aliacha chakula kikapoa. Kuanzia kesho yake, kila alfajiri, alikata matawi sita ya mbono na kuyapanga mtelemkoni. Yakinyauka aliyabadilisha, maana tawi lililonyauka haliogopwi na mtu. Miaka minne ikapita. Halikuingia gari shambani, si la vitunguu wala la nini. Baba alidhani ni maombi yake.

Mwaka wa nne nilianza kupita njia ile, nami nikanaswa kama wengine. Siku ya kwanza kupita na lori langu nikakuta matawi, nikashusha gia, nikatambaa, nikatafuta, nikamwona Shangazi juu ya saruji yake anacheka peke yake. Nikaegesha. Aliniandalia chai kwenye vikombe vyake vya maua, vile anavyovitoa kwa wageni wa maana, akanieleza yote.

"Shangazi, huu si uongo?"

"Uongo ni wa kwako na wa wanasiasa. Huu ni uzio." Akanikazia macho. "Na ubaki hapa hapa, kati yangu na wewe."

Nikaapa. Nilikitunza kiapo changu siku tisa.

Siku ya kumi nilikuwa kwenye foleni ya mzani, pale malori yanapopimwa uzito. Foleni ile inaweza kukumalizia nusu ya siku, na madereva thelathini wasio na kazi ni hadhira ambayo hata bubu angeitamani. Mmoja akasema kuna kona moja ina matawi kila siku na haina lori, labda pana jini. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilipanda juu ya bampa. Nilimwigiza Shangazi anavyokata matawi, nikaigiza madereva wanavyotoa shingo nje kutafuta jini, nikamwigiza Shangazi anavyocheka na shazia yake kichwani. Wanaume wazima walijishika mbavu. Kicheko kile kilinipendeza mno, na mzani uliofuata nikasimulia tena, nikaongeza chumvi.

Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyeshusha gia. Walipita mbio juu ya matawi, wengine wakipiga honi kumsalimia. Shangazi akaongeza yakawa kumi, halafu kumi na mawili. Niliposimama kumsalimia aliniuliza, "Hivi madereva wa siku hizi macho yao yana nini?"

Nikamjibu labda ni wageni wa njia. Nikanywa chai aliyoniandalia mpaka tone la mwisho, na bado sikusema.

Gari la nne lilikuja asubuhi moja ya mavuno, kumekucha vizuri. Lilikuwa limebeba magunia ya maharage kutoka mashamba ya juu, mengi yakiwa yameshonwa na Shangazi mwenyewe juzi yake. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mwenye uzoefu, anapiga mluzi. Dereva huyo nilikuwa mimi.

Niliyaona matawi. Sitadanganya kwamba sikuyaona. Nilisema moyoni, Shangazi leo kaamka mapema, nikapita juu ya matawi na gia ileile. Nilipofika kwenye kona, katikati ya njia palikuwa na lori limeinuliwa kwa jeki, na chini yake mtu kapiga magoti anafungua tairi, mgongo kanipa mimi. Hapo hapana hesabu ya kupiga. Kulikuwa na mgongo wa yule bwana na kulikuwa na maharage ya Shangazi. Nikaacha kona, nikaenda na maharage.

Nilipasua ua wa mibono, nikaikosa saruji kwa urefu wa mkono, tairi za kulia zikazama kwenye udongo laini, lori likafikiri kidogo, halafu likalala taratibu kama mzee anayetafuta upande wa kulalia. Magunia yakashuka moja baada ya jingine. Nilitoka kupitia dirishani nikiwa mzima kabisa, isipokuwa jino moja la mbele ambalo mpaka leo sijaliona.

Yule bwana wa jeki alikuja mbio na spana mkononi. "Ndugu yangu, umepona? Matawi hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Sasa?"

Nikainama kutafuta jino langu.

Shangazi alitokea njia ya mashineni, ndoo ya unga kichwani. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kusaga kabla foleni haijawa ndefu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, hakuweka tawi hata moja. Alitua ndoo. Alinipapasa kichwa, shingo na mbavu, akanifungua mdomo akatazama pengo, akasema nitaishi. Kisha akaenda mtelemkoni, akaokota tawi moja, akarudi nalo analigeuzageuza.

"Hili ni la mkaratusi," alisema. "Majani membamba. Mimi naweka mbono. Umepita hapa mara ngapi, hujui majani ya mbono?"

Nilitazama chini.

Alilitupa tawi pembeni. Alichomoa shazia, akatia uzi, akakaa juu ya saruji. Watu wa vikapu walikuwa wameanza kukusanyika, naye akawapanga kama kawaida. Mimi akaniweka karibu yake. "Shika mdomo wa gunia. Na wako pia, mpaka nimalize hili."

Tulishona magunia yaliyopasuka. Aliyoshona yeye yalikuwa mazima. Yaliyopasuka yalikuwa ya washonaji wengine, na hilo alilitaja mara nne. Kwenye gunia la saba nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: foleni, bampa, nilivyomwigiza, nilivyoongeza chumvi. Alipiga mishono mitano bila kuinua kichwa.

"Walikuwa wangapi?"

"Kama thelathini. Halafu mzani mwingine."

"Walicheka?"

"Walicheka sana, Shangazi."

"Basi ulisimulia vizuri." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Miaka minne naamka na jogoo kukata matawi ili nibaki kwangu. Wewe umenihamisha kwa kicheko cha siku moja."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa amekasirika ningepata pa kujificha. Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya watu wa vikapu, na mmoja wao akanipa pembe ya kanga yake nijifute.

Baba alifika saa saba na pikipiki ya kukodi, kofia ya kujikinga imemkalia upande. Alilitazama lori, akanitazama mimi, akalitazama lori tena. Nilidhani atanitukana, lakini alichosema kilikuwa, "Dada yuko wapi?" na sauti yake ilikuwa imepauka.

Shangazi alikuwa ndani, anafungasha. Hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameweka kwenye gunia moja jipya shuka zake, picha ya marehemu, birika na vile vikombe vya maua, na tulipoingia alikuwa anafunga mdomo wake kwa shazia, mishono ya karibu karibu, ile ya mzigo wa safari ndefu.

"Nilitoa mkono," alimwambia Baba. "La nne limeingia. Twende kabla sijatazama nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba ndiko aliko mumewe. Baba alikaa kwenye kitanda, akavua kofia, akaishika mapajani. Alikuwa ameshinda, na sijawahi kuona mshindi mnyonge vile.

Hapo ndipo mdomo wangu, kwa mara ya kwanza maishani, ukafanya kazi ya maana. "Baba, wewe unaogopa nini hasa?"

"Unaniuliza swali gani? Naogopa gari. Naogopa liingie akiwa peke yake, asiwe na mtu hata wa kumwinulia bati."

"Basi asikae peke yake. Nitahamia mimi hapa. Mke wangu kwao si mbali na hapa, atafurahi. Na madereva ni mimi niliyewaharibu, nitawatengeneza mimi."

"Utawatengeneza kwa kitu gani?"

"Kwa kilichowaharibu."

Baba alilitazama pengo langu. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema.

"Yake imeishia kwenye maharage yangu," Shangazi akamjibu. "Fupi kuliko hiyo unaitaka ya nini? Mwache aseme."

Walikubaliana mwaka mmoja, kutoka mavuno hayo hadi mavuno mengine. Likiingia la tano, tunahama wote watatu, Shangazi, mimi na mke wangu. Gunia lilisimamishwa nyuma ya mlango likiwa limeshonwa vile vile, tayari kwa safari. Kisha Shangazi akanichukua kunionyesha chumba changu. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, kimoja kinatazama alizeti na kaburi, kingine kinatazama kona. Nilidhani atanipa cha alizeti, kwa kuwa ni cha wageni.

"Wewe si mgeni," alisema. "Kitanda weka chini ya dirisha hili, kichwa upande wa barabara."

Siku mbili alinihurumia, ya tatu nikakuta jembe limeegemezwa mlangoni. Niliinua maharage niliyoyalaza, nikapanda upya ua wa mibono, na lori lilipotengenezwa nikarudi kwenye foleni ya mzani. Nilipanda juu ya bampa ileile. Wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikawasimulia vizuri kuliko mara ya kwanza: nilivyopiga mluzi, mgongo wa yule bwana, jino, Baba na kofia yake. Walicheka mpaka nilipofika kwenye gunia lililoshonwa. Hapo wakanyamaza, kwa sababu wengi wao walishawahi kunywa maji ya sukari ya mwanamke yule, au wanamjua aliyekunywa.

"Matawi ya uongo hayapo tena," niliwaambia. "Ukiona tawi pale, kuna mtu chini ya lori. Usipoona tawi, kuna mimi, nimelala chini ya dirisha, kichwa upande wenu. Mkichoka na mimi, piteni mbio."

Mmoja akasema, "Tumechoka na wewe siku nyingi," na kicheko kikarudi. Lakini wiki hiyo nikiwa nyumbani nikasikia gia zinashuka. Wengine walipiga honi moja fupi, wengine waliita jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Mke wangu alisema heshima gani hii ya kutukanwa kutwa nzima. Nilimwambia azoee, maana wanaotukana wanapita polepole.

Taabu ya mwaka ule ilikuwa vikombe. Vikombe vyote vilikuwa ndani ya gunia, na Shangazi hakukubali lifunguliwe, wala kununuliwa vingine, kwa kuwa mtu aliye safarini hanunui vyombo. Tulikunywa chai kwa kopo la kupimia maharage, kwa zamu, mkubwa kwanza. Mimi nilikuwa wa mwisho, na chai yangu siku zote ilikuwa na mbegu moja chini.

Mavuno yakafika tena. Baba alikuja na pikipiki, safari hii bila kupauka. Alitembea mtelemkoni, akatazama lami, akahesabu malori kumi na manne yakikata kona, yote kwa gia ndogo. Alirudi ndani, akaliburuta gunia kutoka nyuma ya mlango hadi katikati ya chumba, akampa Shangazi kisu.

Shangazi hakukipokea. Aliunasa uzi kwa ncha ya shazia, akaufumua mshono mmoja mmoja ili uzi ubaki mzima, maana uzi mzuri haukatwi ovyo. Alitoa vikombe vya maua, akavisuuza, akavipanga vinne. Mimi akanipa kile chenye ufa.

Baba alikunywa, akatikisa kichwa. "Chai haina sukari, dada."

"Sukari ya madereva hiyo," Shangazi akasema. "Angusha lori kwanza."